Yule Msichana Jikoni: Ni Jamaa au Mfanyakazi?



Wanandoa wanaokuja kuzungumza na katekista huja na mambo yale yale. Mume haonyeshi mshahara. Mke hupeleka siri za nyumba kwa mama yake. Wakwe walikuja kusalimia na sasa ni mwezi wa tatu. Katika miaka yote ambayo nimekaa na wachumba na wanandoa kwenye benchi la kigango chetu, sijapata kuulizwa swali ninalotaka kuliweka mbele yenu leo. Wala mimi mwenyewe sikujiuliza, mpaka nilipoulizwa na kijana wa serikali aliyeshika penseli.

Swali ni hili: mtoto wa watu anayekaa nyumbani mwenu, anayeosha vyombo na kumbeba mtoto wenu mgongoni mkiwa kazini, ni nani kwenu? Na la pili linafuata: je, mtu mwema, anayesali, aliyefunga ndoa kanisani, anaweza kuwa mmoja wa wale tunaowasikia redioni wakiitwa walanguzi wa watoto?

Najua neno hilo linatisha. Tukilisikia tunafikiria gari lenye vioo vyeusi, na mtu mgeni mwenye peremende mkononi. Watu wa namna hiyo wapo, na tuendelee kuwaonya watoto wetu juu yao. Lakini watoto wengi hawachukuliwi na mgeni. Huchukuliwa na mtu anayeitwa shangazi, mchana kweupe, mama mzazi akisimama barabarani kupunga mkono. Ndivyo tulivyomchukua wetu.

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti mwaka 2009 ulikuwa usiku wa sensa katika Kenya nzima. Karani alifika kwetu Nakuru jioni moja baadaye, akaketi kwenye stuli, akafungua fomu yake magotini. Aliuliza majina ya watu wote waliolala katika nyumba hii usiku ule. Nikajitaja mimi, mke wangu, kifungua mimba wetu wa miaka minne, na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya. "Ni hao tu?" akauliza. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na msichana alikuwa pale akipepea jiko la makaa.

"Aa, na msichana," nikasema.

Akaniuliza jina lake. Nikataja la ubatizo. Akauliza la pili, nami nikamtazama mke wangu, ambaye alilitaja jina la baba mzazi wa mtoto, marehemu. "Umri?" Mimi nikasema kumi na nne, mke wangu akasema kumi na tatu. Msichana akajibu kutoka jikoni bila kuulizwa: "Kumi na miwili."

"Ni nani kwa mwenye nyumba?" Mke wangu akasema, "Jamaa." Mimi, kwa wakati ule ule, nikasema, "Mfanyakazi." Kijana yule akatabasamu, penseli ikingoja. Tukakubaliana aandike jamaa. Akauliza kama anasoma. Nikasema aliacha shule. Aliishia darasa la ngapi? La tano. Akaandika, akatushukuru, akaenda kwa jirani.

Wala hakutulaumu kwa neno hata moja. Sisi tulibaki tumekaa.

Mtoto huyu alikuja kwetu mwaka mmoja kabla ya hapo. Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye mazishi upande wa Busia, na dada yake wa ukoo, mjane mwenye watoto watano, akamwambia: "Nenda na huyu mkubwa, akusaidie na mtoto, nawe utamtia shule huko." Mtoto aliulizwa mbele ya wazee kama anataka kwenda mjini. Alisema ndiyo, na alikuwa akicheka. Alikuwa hajawahi kuona mji. Wakapanda basi la usiku, yeye na mfuko mmoja wa plastiki wenye nguo mbili na daftari.

Hakuna aliyelipwa kitu. Hakuna aliyedanganya, kwa maana tulikuwa tukikusudia kweli kumtia shule. Tulisema Januari. Januari ikafika, mtoto wetu mdogo alikuwa na miezi minne na likizo ya uzazi ya mke wangu ilikuwa imekwisha. Tukasema muhula wa pili. Msomaji, unajua jinsi mambo haya yanavyokwenda.

Maneno yale mawili tuliyoyatamka kwa pamoja mbele ya karani, jamaa na mfanyakazi, ndiyo yaliyoninyima usingizi usiku ule. Niligundua kwamba tulikuwa tukiyatumia kwa zamu. Mwisho wa mwezi alikuwa jamaa, maana nani humlipa mshahara mtoto wa dada yake? Shule zilipofunguliwa alikuwa mfanyakazi, maana nani humpeleka mfanyakazi wake shule? Wageni wakija tulisema "huyu ni mtoto wetu", kisha wageni waliketi mezani na mtoto wetu akala jikoni. Mama yake tulimtumia shilingi 500 miezi tuliyokumbuka. Chupa ya chai ilipovunjika tulikata mia mbili katika hizo mia tano. Hapo alikuwa nani? Mtoto wangu wa kuzaa alivunja redio nzima, na sikumkata mtu chochote.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya ukatekista mwaka uliotangulia. Kila Jumamosi asubuhi nilifundisha watoto wa mtaa amri za Mungu, naye alibaki nyumbani na mtoto wetu ili mimi niweze kwenda kufundisha.

Wanaume wenzangu, hapa nataka tuketi kidogo. Tunasema mambo ya msichana wa kazi ni ya mama. Yeye ndiye aliyemleta, yeye ndiye anayemwagiza, sisi tunakuta chai iko mezani. Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 16. Ni sura ya ndoa hiyo, ingawa hatuisomi katika misa za harusi. Sara hana mtoto, anamtoa mjakazi wake Hagari kwa mumewe. Mjakazi anapopata mimba na kuanza kumdharau bibi yake, Sara anamlalamikia Abrahamu. Naye Abrahamu, baba yetu katika imani, anajibu kwamba mjakazi ni wa Sara, na Sara amfanyie apendavyo. Sara akamtesa mpaka akakimbilia jangwani.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na jambo lililonishika ni dogo. Abrahamu na Sara hawalitaji jina la mwanamke huyo hata mara moja. Midomoni mwao ni "mjakazi" tu, hapo na hata katika sura ya 21 anapofukuzwa. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika, pale kwenye chemchemi ya maji, naye anamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. (Darasani huulizwa: mbona malaika alimwambia arudi kwa bibi yake? Nami hujibu kwamba mwanamke mjamzito aliye peke yake jangwani hana njia nyingi, na kwamba mtoto alipewa jina la Ishmaeli, yaani Mungu anasikia. Kusikia kwa Mungu hakukumpa Sara ruhusa ya kupiga.)

Jibu la Abrahamu ndilo langu. "Ni wako, fanya upendavyo." Mtu anadhani amejitoa katika jambo, kumbe ametia sahihi. Na sura hiyo inatukumbusha jambo lingine ambalo wanandoa huona haya kulitaja. Hagari hakutumika jikoni tu. Mtoto wa kike anayelala sebuleni, mlango bila komeo, katika nyumba yenye baba, shemeji na vijana, yumo hatarini, na mara nyingi anapopata mimba ndiye anayepandishwa basi kama mkosaji. Nani aliyempa mimba, hapo watu huanza kuzungumzia mvua.

Sasa tuseme juu ya sheria, maana wengi tunadhani ulanguzi ni lazima uwe na pesa na minyororo. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki inayoitwa kwa jina la mji wa Palermo, kule Italia. Humo ulanguzi wa mtu mzima una sehemu tatu: kitendo, kama vile kumchukua, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea, njia, kama nguvu, hila au kutumia vibaya shida aliyonayo, na lengo, yaani kumnyonya. Kwa mtoto, aliye chini ya miaka 18, sehemu ya katikati imeondolewa. Haihitajiki hila wala nguvu. Ukimsafirisha au ukimpokea ili atumikishwe, inatosha, hata kama alikubali na hata kama mama yake alikubali. Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na ulanguzi wa binadamu mwaka 2010, na adhabu ya mlanguzi ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilikuwa tayari imekataza mtu yeyote kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, kwa malipo au bila malipo. Wa miaka 13 mpaka 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Wetu alikuwa na miaka 12, nami nilikuwa nimeivunja sheria kila asubuhi kwa mwaka mzima, na ushemasi nilikuwa nauwazia.

Sisemi kila nyumba yenye msichana mdogo ni nyumba ya mlanguzi. Mahakama ingeangalia lengo. Lakini lengo ni kitu gani? Nilipojihoji, nilisema lengo letu lilikuwa kumsaidia. Kisha nikajiuliza: kama mama yake angetupa mtoto wa miaka mitatu, asiyeweza kubeba maji, tungemchukua? Mke wangu nilipomwuliza hakujibu. Hata mimi sikuwa na jibu.

Na kwa nini idhini ya mtoto isihesabiwe? Hili ni swali la haki na linastahili kufikiriwa. Mtoto ana akili, anajua anachopenda. Lakini kukubali ni kuchagua kati ya mambo unayoyajua. Yeye alikubali mji, hakukubali kuamka saa kumi na moja kila siku. Hakujua kama angeweza kukataa baadaye, wala hakuwa na nauli ya kukataa nayo. Hata kwenye ndoa Kanisa linafundisha hivyo: anayesema "nakubali" bila uhuru, au bila kujua analokubali, ndoa yake si ndoa. Ikiwa tunadai hivyo kwa watu wazima waliofundishwa miezi mingi, tutaidai vipi kidogo kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyesimama mbele ya wazee kwenye matanga?

Wengine husema, "Lakini kwetu anakula. Kijijini angekufa njaa." Nilisema hivyo pia. Ni kweli alinenepa kwetu. Ila ukimwokoa mtu aliyekuwa akizama mtoni, humfanyi kuwa mlimaji wa shamba lako miaka miwili kwa sababu bila wewe angekuwa maiti. Umefanya jema, asante, na miguu yake ni yake.

Tarehe 8 Februari kila mwaka, tangu mwaka 2015, Kanisa limeiweka kuwa siku ya kusali dhidi ya ulanguzi wa watu. Ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Wengi tunajua kwamba alikuwa mtumwa na akawa sista. Sehemu ya katikati ya maisha yake hatuihubiri sana, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wenye nyumba.

Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, na kwa hofu akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Aliuzwa mara kadhaa, akapigwa, akachanjwa mwilini kwa kisu. Kisha akanunuliwa na mtu mpole, balozi mdogo wa Italia kule Khartoum. Huyu hakumpiga. Alipoondoka Sudan alimchukua hadi Italia, na huko akampa mke wa rafiki yake. Alimpa, kama mtu anavyotoa zawadi. Katika familia hiyo Bakhita akawa yaya wa binti yao mdogo. Alivaa vizuri, alikula vizuri, alimpenda mtoto na mtoto alimpenda. Ungepita pale ungesema ana bahati kweli.

Familia ilikuwa na hoteli katika mji wa Suakin, pwani ya Sudan. Mama wa nyumba alipokwenda huko alimwacha Bakhita na mtoto kwa masista Wakanosa wa Venezia. Aliporudi kuwachukua, Bakhita alikataa kutoka. Mama yule akashikilia kwamba ni wake. Jambo likafika kwa wakuu wa sheria, na tarehe 29 Novemba mwaka 1889 ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa Italia haikuutambua utumwa, yeye alikuwa mtu huru. Tarehe 9 Januari mwaka 1890 alibatizwa. Alifariki mwaka 1947, na Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba mwaka 2000.

Angalieni sasa. Wale waliompiga hawakuwa na shaka kwamba wana mtumwa. Waliomtendea vizuri ndio ambao hawakuona. Upole wao ulifanya kazi ya pazia. Tangu nilipolifahamu hilo, mtu akiniambia "mimi msichana wangu namtendea vizuri", namwuliza: akisema leo anataka kwenda, nani anashika nauli yake?

Jambo hili si la Kenya peke yake. Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walikadiria kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 duniani walikuwa katika ajira ya watoto. Mwaka 2020 walikuwa milioni 160, kwa hiyo tumshukuru Mungu kidogo. Walio mashambani na machimboni angalau wanaweza kuonekana na mpita njia. Walio nyuma ya mlango wa jikoni ni vigumu hata kuwahesabu. Kule Haiti, nchi ambayo watumwa wenyewe walijikomboa na kupata uhuru mwaka 1804, wazazi maskini wa vijijini hupeleka watoto kwa familia za mjini kwa ahadi ya shule, kama sisi. Wana jina lao, restavek, linalotoka kwenye Kifaransa, na maana yake ni "kukaa na". Mtoto anakaa na watu. Jina zuri, halina ubaya wowote ndani yake.

Sisi nasi tunalia, na tuna haki ya kulia, tunaposikia binti zetu waliokwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba wamenyang'anywa pasipoti na simu, wanalala saa nne, hawaruhusiwi kutoka nje. Wetu hakuwa na pasipoti ya kunyang'anywa. Simu ya kumpigia mama yake ilikuwa mfukoni mwangu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliutaja utumwa na uuzaji wa wanawake na watoto katika orodha moja na mauaji. Maneno yanayofuata mara moja katika orodha hiyo ni juu ya kazi ambayo mtu anatumiwa kama chombo tu. Sijui kama mababa wa mtaguso walifikiria jikoni la mtu maskini. Maana sisi hatukuwa matajiri, na wengi wanaofanya hivi si matajiri. Tajiri huajiri mtu mzima. Ni sisi wa kipato kidogo tunaotafuta mtoto, kwa kuwa mtoto ni wa bei nafuu.

Wazee watasema nimetupa mila. La hasha. Kulea mtoto wa ndugu ni mila nzuri, na wengi wetu tusingekuwa na cheti cha shule bila mjomba fulani. Lakini mjomba wa zamani alikaa vilima viwili kutoka kwa mama yako. Akikuonea, ungerudi kwa miguu kabla ya giza, na wazee wangemwuliza. Basi la usiku limeondoa macho hayo. Desturi ni ile ile, waliokuwa wakiilinda hawapo.

Nisiwafiche yaliyofuata kwetu. Nilipomwambia mke wangu kwamba mtoto lazima aende shule, aliniuliza: "Na wewe ulikuwa wapi nilipokuwa nikimwamsha?" Alikuwa na haki. Nilikuwa kitandani. Kisha akasema kwamba alikabidhiwa yeye, si mimi, na kwamba nataka kujionyesha mtakatifu kwa mgongo wake. Siku tatu hatukusemezana. Ikabidi tuwaite wasimamizi wa ndoa yetu, mzee na mkewe, na yule mama akatusikiliza wote mpaka mwisho, kisha akauliza tu mwanamke wa mtaani wa kushika mtoto mchana ni shilingi ngapi. Ilikuwa 2,500 kwa mwezi. Tulikuwa tukifyatua matofali ya kujenga shambani. Yalikaa kwenye nyasi miaka minne.

Januari mwaka 2010 mtoto aliingia darasa la tano upya, mrefu kuliko wote. Shule ya msingi ilikuwa bila karo tangu mwaka 2003. Kilichokuwa kimetushinda ni sare, na mtu wa kushika mtoto wetu. Alimaliza la nane mwaka 2013. Karo ya sekondari hatukuiweza, tukampeleka kujifunza cherehani. Hilo bado ni deni na silifuti kwa kuliandika hapa.

Kwa hiyo, nyinyi mnaosoma hapa mkiwa na mtoto kama huyo, kwanza msimpandishe basi kesho asubuhi ili dhamiri ipumzike. Mtoto aliyerudishwa ghafla, bila mtu wa kumpokea, anaweza kuteremka njiani mikononi mwa mwingine mbaya kuliko nyinyi. Ketini wote wawili, mume na mke, bila yeye kuwapo, mkubaliane umri wake wa kweli kwa cheti cha kuzaliwa au kadi ya ubatizo. Mpigieni mama yake, kisha mpeni mtoto simu na mtoke chumbani. Akiwa wa umri wa shule ya msingi, mwende naye shuleni, mzazi mmoja kwa miguu yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa haki ya elimu ya msingi bila malipo, na haitofautishi aliyezaliwa nyumbani na aliyeletwa. Kama ni lazima arudi kwao, afisa wa watoto atawasaidia, na chifu pia. Mkijua nyumba ya jirani ambamo mtoto anapigwa au anachezewa, namba 116 ni ya bure na ni ya mambo ya watoto. Mkimtaka mfanyakazi, tafuteni mtu mzima, mpeni mshahara unaojulikana, siku ya kupumzika, na mlango wenye komeo. Mtume Yakobo ana maneno makali juu ya mishahara iliyozuiwa, nanyi mnajua mahali pa kuyasoma.

Na wachumba: jambo hili mlizungumze kabla ya harusi, kama mnavyozungumza ukumbi. Nani atashika mtoto? Kwa pesa za nani? Mkisema "tutaleta mtu kutoka nyumbani", mtajeni kwa jina na umri wake.

Mwaka 2021 yule mtoto wetu, sasa fundi wa nguo wa miaka 24, alikuja kigangoni na mchumba wake kuanza mafundisho ya ndoa. Sikujua kama angependa kufundishwa na mimi. Akaniambia hana neno, kwamba mafundisho yangu anayajua tangu zamani, alikuwa akinisikia Ijumaa usiku nikijifunza somo kwa sauti huku yeye anaosha vyombo, na maswali yote alikuwa anaweza kuyajibu. Nilitaka kumwomba radhi, lakini mchumba wake alikuwa pale, kijana mchangamfu, akitutazama kwa zamu. Akamwuliza mbele yangu: "Kumbe mnajuana! Huyu katekista ni nani wako?"

Alifikiri kidogo.

"Nilikaa kwao," akamjibu, akafungua mkoba kutafuta kadi yake ya ubatizo.